Makonyo: Bendi ya Wanawake Niliyoipigia Mitambo Konde

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Barua ya ajira ilisema nimeajiriwa kuwa "msaidizi wa ofisi", nami nikajua, kwa ujuzi wangu wote wa msichana aliyetoka skuli juzi, kwamba kazi hiyo ni kupiga taipu. Nilitoka kwetu Mtambile alfajiri, nikafika Wete jua limeshapanda, nikauliza ofisi ya habari iko wapi. Mlangoni sikukuta taipu. Nilikuta ukumbi mrefu uliojaa waya, vipaza sauti na redio zilizofunguliwa matumbo, na katikati yake mtu mwembamba ambaye miwani yake ilikuwa imeungwa kwa kipande cha shaba. Huyo ndiye Fundi Mkuu. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Mize Faki."

"Mize, waogopa umeme?"

Kwetu Mtambile wakati ule umeme haukuwa umefika. Nikamjibu ukweli: "Sijui. Hatujakutana bado."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Basi utafaa. Wanaosema hawaogopi ndio wanaoungua." Akanipa roli la waya nimshikie, na tangu siku hiyo sikuondoka kwenye mitambo ya sauti mpaka nilipostaafu.

Vijana wanaoniuliza siku hizi hudhani kazi yetu ilikuwa kubonyeza vitufe. Vitufe vilikuwa vichache sana. Tulikuwa na gari moja, amplifaya mbili na vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari, na kisiwa kizima kikitungoja: sherehe za Mapinduzi, kampeni za kisomo cha watu wazima, matangazo ya chanjo. Amplifaya ni mtambo unaoichukua sauti ndogo ukaifanya kubwa, lakini hauchagui. Ukiupa upuuzi, utakuza upuuzi. Maikrofoni nayo ukiielekeza kwenye spika yake hujisikia yenyewe, ikajikuza, ikajisikia tena, mpaka ikapiga mluzi wa kupasua masikio. Fundi Mkuu alinifundisha kuuzuia mluzi huo kabla hajanifundisha jambo lingine lolote. Alinifundisha pia kuchomea risasi, yaani kuziunga waya kwa madini laini yanayoyeyushwa na chuma cha moto. Bado nina alama kwenye kidole gumba.

Alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia kila asubuhi kama mtu anayepiga dua. "Fundi wa sauti hana maoni. Kazi yake ni kuhakikisha kilichosemwa ndicho kinachosikika." Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Nikamuuliza, je, asiposema mtu kitu? Akasema, "Basi pasikike kimya safi, bila mkwaruzo."

Mwaka wa tatu nikahamishiwa Konde, peke yangu, kushika stoo ya vifaa. Wakuu walisema Konde ni mji wa biashara na mikutano ni mingi, kwa hiyo mitambo isiwe inatoka Wete kila mara. Baadhi ya wazee wa pale walishangaa kuletewa fundi mwanamke, tena mtoto wa Mtambile ambaye babu yake alitoka bara kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mikarafuu. Walipoona spika zao zinasema, wakaacha kushangaa.

Ndani ya stoo ile, nyuma ya mbao za jukwaa, nilikuta vyombo vya bendi ya vijana iliyokuwa imevunjika. Wapigaji wake walikwenda Unguja, mmoja baada ya mwingine, hakurudi hata mmoja. Kulikuwa na gitaa mbili za umeme, moja ikiwa na nyuzi nne tu. Gitaa la besi, lile lenye nyuzi nene zinazotoa sauti ya chini. Dramu tatu na sahani moja ya shaba iliyopasuka ukingo. Na spika moja kubwa.

Naieleza spika hii kwa kuwa mambo yote yalianzia kwake. Spika ndani yake ina karatasi ngumu iliyokunjwa mfano wa kawa la kufunikia chakula. Umeme ukija, karatasi hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Karatasi ya spika ile ilikuwa imechanika upande mmoja. Ukipitisha sauti ndani yake hutoka na mkwaruzo, kama mtu anayeparua nazi kwa hasira.

Alasiri moja mwanamke mrefu alisimama mlangoni, mikono yake imekolea rangi na harufu ya karafuu. Alikuwa Sada, mkaazi wa pale pale, mchambuaji wa karafuu msimu ukiwapo na mkulima wa muhogo msimu usipokuwapo. Alikuwa ameachwa mwezi uliotangulia. Hilo nililijua kabla hajalisema, maana Konde ni ndogo.

"Hodi, fundi. Yale magitaa bado yamo?"

"Yamo. Wajua kupiga?"

"Sijui."

"Sasa wayatakia nini?"

"Nataka kujua."

Huyo alikuwa mtu wa namna yangu. Kanuni za stoo zilisema vyombo vitolewe kwa kikundi kilichoandikishwa, kwa hiyo nikamwambia alete kikundi. Siku ya pili akaja na wawili: Tatu, mwanamke mfupi mnene aliyekuwa akipiga ngoma kwenye harusi tangu utotoni, na Mwanaheri, aliyekuwa mkimya kiasi kwamba ilinichukua wiki kujua sauti yake ikoje. Nikawauliza jina la kikundi ili niliandike kwenye daftari.

Sada akatazama nje, ambako watoto walikuwa wakikusanya vikonyo vya karafuu kwenye pakacha. Msomaji asiye wa Pemba huenda hajui: karafuu huchumwa ikiwa katika vishada, kisha wanawake hukaa na kuichambua, punje huku, vikonyo kule. Punje ndiyo mali. Vikonyo, ambavyo sisi twaviita makonyo, ni mabaki.

"Andika Makonyo," Sada akasema.

Basi wakawa wanakuja kila alasiri baada ya sala, na nikapata nafasi ya kuona bendi ikizaliwa, jambo ambalo mafundi wachache huliona. Kwa kawaida sisi huitwa bendi ikiwa imeshakuwa. Hawakuwa na mwalimu. Nikawaonesha mikao mitatu ya vidole niliyoiona kwa wanamuziki waliowahi kupita Wete, na hiyo mitatu ikawatosha miaka yote. Tatu hakuzipiga dramu kwa fimbo mbili nyepesi kama wanaume wa bendi. Alizipiga kama mtu anayetwanga, moja kwa moja, haraka, bila mapambo. Mwanaheri alishika besi, akawa na nyuzi mbili anazozipenda na hakuzigusa nyingine.

Sada hakuimba kama tulivyozoea. Taarabu tuliijua, ina mafumbo na ina maringo yake, neno linafunikwa kwa kanga tatu kabla halijatolewa nje. Yeye alilitoa uchi. Nyimbo zao zilikuwa fupi, nyingine zilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Alisimama mbele ya maikrofoni, gitaa mkononi, na kupiga kelele, si kelele za kupoteza akili, bali za mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde.

*Nimeanika mimi, nimeanua mimi,*
*Mvua ikija nimekimbia mimi,*
*Karafuu imekauka, sijulikani mimi!*
*Makonyo! Makonyo! Nimebaki makonyo!*

Mara ya kwanza kuusikia wimbo huu nilikwenda kuzima amplifaya, nikidhani imeharibika. Kisha nikachukua gundi na karatasi nyembamba nikaanza kuiziba spika. Sada akanishika mkono.

"Wafanya n'ni?"

"Naitengeneza. Yakwaruza."

"Iache vivyo hivyo. Mie nilipoachwa sikulia kwa sauti laini."

Nilirudi kwangu nikiwaza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkwaruzo ni kosa. Sauti ikizidi uwezo wa mtambo, mawimbi yake hukatwa vichwa, na kilichobaki ndicho hicho kinachokereketa. Leo mtu ananiambia hicho kilichokatwa kichwa ndicho chake. Siku chache baadaye nilianza kufanya jambo ambalo Fundi Mkuu angelinifukuzia: niliiongeza sauti makusudi, ili nijue mkwaruzo huo unafika wapi.

Mwaka ule kaka yake Tatu, aliyekuwa baharia wa meli za mbali, alirudi likizo na kaseti moja aliyoinunua bandari ya Ulaya. Akasema tuisikilize, kuna wanawake humo wanafanya kama wehu wa Konde. Tukaiweka. Yalikuwa magitaa yanayokwaruza, dramu zinazotwanga, na wanawake wanaopiga kelele kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa vyema. Baharia akatuambia kule muziki huo unaitwa panki. Sisi panki tuliijua kuwa ni mkato wa nywele, tukacheka sana. Lakini Sada hakucheka. Aliinamia redio mpaka wimbo wa tatu.

"Hawa nao," akauliza, "nani kawaacha?"

Mimi swali hilo nilikaa nalo muda mrefu. Watu wasiojuana, bahari na mabara yakiwa katikati, wamefika kwenye sauti moja. Nilitaka kujua imekuwaje. Bado nataka.

Onesho lao la kwanza la hadhara lilikuwa kwenye uwanja wa skuli, siku ya kuwapongeza wanawake waliomaliza kisomo. Ilikuwa shughuli ya wanawake watupu, mchana, ukuta umezunguka. Wanaume walikaa nje ya ukuta kama kawaida. Nilipanga spika, nikaweka rili ya kanda kwenye mashine ya kurekodi, maana nilitakiwa kurekodi hotuba, na nikaiacha izunguke. Hotuba zikapita. Makonyo wakapanda. Wimbo wa kwanza watu waliziba masikio. Wa pili wakaanza kutazamana. Walipofika kwenye ule wa kuanika na kuanua, wanawake mia na zaidi walikuwa wamesimama wakiitikia "Makonyo!" hata sindano ya mtambo wangu, ile inayopima ukubwa wa sauti, ikaegemea upande mmoja na isirudi.

Nisingekuwa na la kusimulia kama mambo yangeishia hapo. Wiki iliyofuata ilikuwa kilele cha msimu. Mwenye shamba mmoja alimpa mkewe talaka siku ya pili tu baada ya mke huyo kumaliza kuanika. Habari ikaenea, na asubuhi yake wanawake wa vitongoji vitatu wakakaa chini, wakisema hawatabaki makonyo. Hawakugombana na mtu, hawakwenda popote. Waliacha tu kuanika. Karafuu mbichi iliyochambuliwa haingoji. Isipotandazwa juani huvunda ndani ya gunia ikapoteza rangi na mafuta. Siku ya kwanza wanaume walicheka. Siku ya pili magunia yalianza kutoa joto, ukitia mkono unahisi kama umeutia kwenye wali. Adhuhuri ya siku hiyo sheha aliitisha kikao, na wanaume wakakubali mbele yake kwamba mwanamke aliyeanika hataachwa kabla ya kupata fungu lake. Majamvi yakatandazwa. Si wote walioitimiza ahadi ile baadaye, lakini ilikwisha tamkwa.

Siku nne baadaye nikaitwa Wete, niende na kanda zangu. Safari hii hakuwa Fundi Mkuu aliyeniita, alikuwa Mkuu wa Ofisi, mtu wa suti ya kaunda, mpole wa maneno.

"Bi Mize, umerekodi kitu kule Konde."

"Ndiyo, Mzee. Sherehe ya kisomo."

"Nipigie."

Nikampigia. Akasikiliza ameshika kidevu. Wimbo ulipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha, akasikiliza tena, na nikaona kidole chake kikigonga meza taratibu kwa pigo la Tatu. Nikamwangalia nikastaajabu. Mtu asiyependa kitu hasikilizi mara mbili.

"Mama yangu alikuwa mchambuaji," akasema, kama anayezungumza na ukuta. Kisha akanyoosha mgongo. "Kanda hii ifutwe. Na vyombo virudi stoo, ufunguo uletwe hapa."

"Mzee, kwenye daftari la kanda lazima niandike sababu."

Akafikiri. "Andika: kelele."

Kufuta kanda si kuichoma. Unaipitisha tena kwenye mashine, na kichwa chenye sumaku kinaupangua mpangilio wote uliomo. Kanda inatoka nzima, safi, tayari kwa hotuba nyingine. Nilikaa pale dakika thelathini na mbili, rili ikizunguka mbele ya macho yangu. Nilijiambia fundi wa sauti hana maoni. Nilijiambia pia nina wazazi wawili Mtambile wanaonitegemea. Yote yalikuwa kweli, na mkono uliobonyeza ulikuwa wangu. Niliporudi Konde nikavikusanya vyombo, nikafunga stoo, na sikwenda kwa Sada. Nilikusudia kwenda kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki ikaleta barua ya uhamisho kwenda Chake Chake.

Nilifanya kazi Chake Chake miaka mingi, chini ya wakuu watano, wengine wazuri. Rili zikaondoka, zikaja kaseti, kisha mashine zisizo na kanda kabisa. Baadaye nikapelekwa kwetu Mtambile kusimamia mitambo ya upande wa kusini, na huko ndiko nilikoanza kupata habari za Makonyo bila kuzitafuta.

Siku moja nikipita kwenye majamvi nikasikia wanawake wanaimba, "Nimeanika mimi, nimeanua mimi." Nikasimama. Makonyo hawakuwahi kufika kusini. Nikamuuliza mmoja wao kaupata wapi wimbo ule.

"Huu? Huu wa hapa hapa kwetu, Bi Mize. Wa zamani, wa mabibi."

Mwengine akasema kafundishwa na wifi yake wa Konde. Wa tatu akasema ni wa mwalimu wa kisomo. Basi nikaanza kuufuatilia. Kila nilikokwenda kufunga vipaza sauti nilibeba daftari dogo, nikauliza. Kilimo cha mwani kilipoingia pwani, nikakuta wakulima wake wanaimba, "Nimepanda mimi, nimevuna mimi," pigo ni lile lile la kutwanga. Kwenye harusi moja wasichana waliuimba haraka sana wakipiga masinia, na mkwaruzo wa masinia ukanisimamisha nywele. Na siku moja nilikuwa juu ya ngazi mahakamani, natengeneza kipaza sauti, mwanamke mmoja akasimama mbele ya Kadhi akasema, "Shehe, mie sikuja kuomba. Nimekuja kusema kuwa sitaki kuwa makonyo." Kadhi hakumuuliza maana yake. Akaandika.

Nilipata pia wanafunzi wawili wasichana, walioletwa kujifunza ufundi. Sikuwaambia kwamba fundi hana maoni. Niliwaambia waisikilize mitambo yao vizuri, na wakiamriwa kufuta kitu, wajue ni nini wanachokifuta.

Nilistaafu kwa barua ya kurasa mbili na saa ya ukutani. Watu huuliza mstaafu anafanya nini. Mimi nilikuwa na jambo moja lililobaki, na nilikuwa nalo tangu ujana. Nikauliza, nikaambiwa Sada anaishi Shumba Viamboni kwa mwanawe. Nikaenda.

Nilimkuta shambani, ameinama kwenye tuta la viazi, mrefu vile vile. Nikamwamkia. Akanitambua papo hapo, na hakuacha jembe.

"Bi Sada, nimekuja kutaka radhi. Ile kanda niliifuta mimi."

"Najua."

"Niliamriwa."

"Hilo nalo najua." Akapiga jembe mara mbili. "Nilikuchukia, Mize. Miaka. Si kwa kanda. Kanda ni yao. Nilikuchukia kwa kuwa habari niliipata sokoni, wakati nyumba yangu ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye ile stoo yako. Hukuja kuniambia kwa mdomo wako."

Nikasema tu, "Niliogopa."

"Naam. Ungelikuja ukasema hivyo, tungeliogopa pamoja." Akajiweka sawa, akanitazama. "Haya. Umeshasema. Nimekusamehe, na Mungu akusamehe. Kaa chini, wanipa kizunguzungu."

Nikakaa kwenye tuta. Nikamtolea daftari langu, nikamsomea: Mtambile, majamvi, pwani, mwani, harusi, masinia, mahakama, Kadhi. Alisikiliza jembe likiwa limesimama. Nilipofika kwa Kadhi aliniambia nirudie. Kisha akalilaza jembe chini, akakaa kando yangu.

Akaniuliza habari za kustaafu, za magoti, za watoto wa dada yangu. Akaniambia Mwanaheri alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kwamba Tatu karudi Konde kutoka kwa mwanawe, na mjukuu wa Tatu kanunua magitaa mawili, moja la besi, na amplifaya ndogo, yote mapya, naye mwenyewe hayapigi.

"Mie na Tatu hukutana Alkhamisi kupiga," akasema. "Lakini hatuna mtu wa besi."

Nikamwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Bi Sada, mie maisha yangu yote nimekaa nyuma ya mtambo. Sijui kupiga besi."

Akaliokota jembe lake.

"Na sisi," akasema, "tulikuwa twajua?"